Kubana matumizi kusiwe kubana roho

 

Leo nataka kukusimulia jambo lililotokea nyumbani mwangu. Silisimulii kwa kujigamba, kwani sehemu yake kubwa inaniaibisha. Lakini nimeona familia nyingi hapa mjini zikipitia njia ile ile niliyopitia mimi, na huenda aibu yangu ikamfaa mtu.

Ilikuwa mwaka 2023. Mtungi wetu wa gesi wa kilo 13 ulianza kuisha kabla mwezi haujaisha. Tokeni za stima nazo zilikuwa zikiyeyuka kama siagi juani. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili tu kwa juma, na siku zilizosalia tuliyanunua kwa wenye mikokoteni, mtungi wa lita 20 baada ya mwingine. Unga, mafuta, nauli, karo: orodha hiyo unaijua mwenyewe, sina haja ya kukusomea.

Basi jioni moja nilirudi kutoka kazini na karatasi kubwa nyeupe, gundi na kalamu ya wino mwekundu. Nikabandika ukutani jikoni kanuni kumi. Ya kwanza: taa isiwake katika chumba kisicho na mtu. Ya pili: maharagwe yapikwe mara moja tu kwa juma, maana ndiyo yanayomaliza gesi. Ya tatu: kila mtu aoge kwa karai moja ya maji, asizidishe. Zikafuatana hivyo hadi ya kumi, iliyosema kwamba atakayevunja kanuni yoyote atakosa pesa za matembezi mwishoni mwa juma. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, niliandika: TUTUNZE MAZINGIRA.

Mama watoto alisoma, akanitazama, kisha akaendelea kukatakata sukuma wiki bila kusema neno. Kifungua mimba wetu, msichana aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyesema.

"Baba, haya ni mazingira ama ni jela?"

Nikamwambia afungue kitabu chake cha jiografia aone jinsi misitu inavyoangamia, halafu arudi tuzungumze. Alikwenda chumbani na hakurudi.

Je, kanuni zilifaulu? Lakini wapi! Watoto walijifunza kujificha. Kijana wetu wa pili, aliyekuwa gredi ya saba, akawa anaamka usiku wa manane kuchaji simu ya mamake. Dadake akawa anafungua maji polepole, huku ameziba mdomo wa mfereji kwa kitambaa ili nisisikie yakimwagika. Kitinda mimba naye, wa gredi ya pili, akageuka kachero. Kila nikiingia mlangoni aliniletea ripoti, akangoja biskuti yake. Nyumba ikawa kituo cha polisi, nami ndiye mkuu wa kituo.

Mwisho wa mwezi nilipiga hesabu. Gesi ilikuwa imeisha tarehe 25 badala ya tarehe 24. Kanuni kumi zilikuwa zimeniokolea siku moja ya gesi na kunipotezea mazungumzo yote ya mezani.

MGENI

Mwezi Agosti, shule zilipofungwa, mama yangu alikuja kutoka Gatanga, Murang'a, akae nasi majuma matatu huku akitibiwa macho. Alifika na kiondo chake kimejaa viazi vitamu na ndizi, na mkononi mwingine amebeba kuku aliyeshangaa kuona Nairobi.

Kwetu, kama ujuavyo, binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Kwa hiyo binti yangu na mama yangu ni wajina, na kwa mama yangu huyo si mjukuu bali ni yeye mwenyewe aliyezaliwa mara ya pili. Hata kabla hajaketi alimtazama msichana huyo usoni, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta amesimama mlangoni mwa bafu, ameshika ndoo.

"Mwanangu," akasema, "sikulala. Kuna mtu analia humu ndani usiku kucha."

Alikuwa na maana ya mfereji. Ulikuwa ukivuja kwa miezi kadhaa, nami nilikuwa nimekwisha kuzoea sauti yake, kama mtu anavyozoea kelele za matatu. Yeye alikuwa ameweka ndoo ya lita 10 chini yake saa tatu usiku. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imejaa pomoni.

"Unajua maji haya yanatoka wapi?" akaniuliza.

Nilijua. Mpenzi msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, jua kwamba sehemu kubwa ya maji unayokunywa hutoka katika bwawa la Ndakaini, huko huko Gatanga, chini ya milima ya Aberdare. Bwawa hilo lilikamilishwa katika miaka ya tisini. Hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na likijaa huwa na mita za ujazo milioni 70. Mvua ikikosa kunyesha huko juu, sisi wa huku chini ndio tunaopanga mitungi barabarani.

"Mimi huyaona yakiwa bwawani," mama akaendelea. "Kumbe hutoka kwetu, yakasafiri mwendo huo wote, yaje kulia chooni kwako."

Niliona haya. Nilikuwa nimewaandikia watoto kanuni ya karai moja, ilhali mfereji ambao ni kazi yangu kuutengeneza ulikuwa ukimwaga ndoo nzima kila usiku. Mama hakunigombeza. Alimwita kijana, wakateremka pamoja hadi dukani kununua kile kipande cha mpira kinachokaa ndani ya mfereji. Bei yake haifiki ya chupa ya soda. Wakafunga maji, wakafungua mfereji, mpira wa zamani ukatolewa ukiwa umelika kama kisigino cha kiatu, mpya ukaingia.

Usiku huo sote tulisikia kimya. Kijana alitoka chumbani mara mbili kuja kukisikiliza. Sikumbuki kumwona na furaha kama hiyo tangu nilipobandika karatasi yangu.

KIKAPU

Siku ya tatu mama aliomba maharagwe. Nikamwonyesha kanuni ya pili. Akacheka hadi akafuta machozi, ingawa daktari alikuwa amemwonya asiyasugue macho.

Alitafuta kikapu kikubwa tulichokuwa tukitilia nguo chafu. Akakitandika gunia, halafu nguo kuukuu zilizokunjwa, halafu blanketi lililochakaa, akaacha shimo katikati lenye ukubwa wa sufuria. Maharagwe yalikuwa yamelowa tangu jana. Akayamwaga maji yake, akatia mengine, akayachemsha kwa moto mkali kwa nusu saa. Kisha akazima gesi, akaibeba sufuria na kifuniko chake, akaiingiza kikapuni upesi upesi, akaifunika kwa mto uliojazwa nguo na kuufunga kwa leso.

"Nyanya, unayalaza maharagwe?" kitinda mimba akauliza.

"Ndiyo, yamechoka. Usiyaamshe hadi jioni."

Hakuna miujiza hapo. Chakula hakiivi kwa sababu ya ule moto unaouona chini ya sufuria, huiva kwa sababu ya joto lililo ndani yake. Tunapoacha sufuria mekoni kwa saa mbili, gesi nyingi hutumika kurudisha joto linalotorokea hewani. Ukilivisha joto hilo sweta, halitoroki, na kazi huendelea yenyewe. Mama alijifunza hayo katika chama cha akina mama kijijini kwao, na vyama vingi vya wanawake humu nchini vimekuwa vikitengeneza vikapu kama hivyo kwa miaka mingi.

Saa kumi na moja jioni, tulipofungua kikapu, nyumba nzima ilikuwa imekizunguka kama watu wanaongojea mchezo wa sarakasi. Mvuke ulipanda, harufu ikajaa, na maharagwe yakapondeka kwa ulimi. Tuliyarudisha motoni yachemke kidogo, tukayakaanga, tukala.

Lakini furaha niliyoiona jioni hiyo haikuwa katika sahani. Mama watoto hufanya kazi mjini na hufika nyumbani saa kumi na mbili. Tangu tuoane, jioni ya maharagwe kwake ilikuwa ni kusimama jikoni kwa saa mbili akichungulia sufuria isikauke. Jioni hiyo alivua viatu, akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu. Alikaa hivyo kimya kwa muda, kisha akasema, kama mtu anayezungumza peke yake, "Kumbe kochi hili ni laini."

Mimi nilikuwa nimeandika kanuni ya kupunguza maharagwe. Kumbe maharagwe hayakuwa na hatia.

GIZA

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mama hawezi kusoma maandishi ya wino mwekundu. Alimwomba wajina wake amsomee karatasi ile ya jikoni. Msichana akasoma kanuni zote kumi, taratibu, kwa sauti isiyo na chumvi wala sukari. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, kazini kuko salama?"

"Kuko salama, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha jioni, alituomba tuzime taa zote kwa sababu dawa ya macho ilikuwa ikimfanya aumizwe na mwangaza. Tukazima taa, tukazima runinga, tukakaa. Mwanzoni watoto walinong'ona tu. Kisha mama akaanza: "Kitendawili!" Wote wakaitikia, "Tega!" Akatega vya kale, vikateguliwa. Kijana naye akatega cha kwake alichokitunga papo hapo: "Akilia usiku, baba ndiye anayelipa." Mji akapewa, maana hakuna aliyejua, naye akajibu kwa fahari, "Mfereji!" Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Katika giza lile, mpenzi msomaji, hakuna anayeuona uso wa mwenzake. Pengine ndiyo sababu nilipata nguvu. Niliwaambia kwamba kazini hakukuwa salama. Tangu mwezi Februari mshahara wangu ulikuwa umekatwa kwa thuluthi moja. Sikumwambia mtu. Niliona haya, nikaona ni heri nionekane mkali kuliko nionekane sina. Nilipoandika TUTUNZE MAZINGIRA, sikuwa nikiyatunza mazingira. Nilikuwa nikiyatumia kama pazia.

Kukawa kimya kirefu. Kisha mama watoto akasema, polepole, "Miezi sita mimi nimekuwa nikidhani una mpango wa kando. Nilikuwa najiuliza pesa zinakwenda nyumba gani."

Na kutoka pembe nyingine ya chumba, sauti ya binti yangu: "Na mimi nilidhani umetuchoka."

Sikuwa na la kujibu. Mama yangu ndiye aliyesema kwamba sasa kwa kuwa kila mtu anaujua mzigo, kila mtu anaweza kushika upande wake. Halafu akaomba maji ya kunywa, kama kwamba hakuna lililotokea.

Asubuhi nilipoingia jikoni, karatasi yangu haikuwa imechanwa. Ilikuwa imegeuzwa. Upande wa nyuma kila mtu alikuwa ameandika kazi aliyoichagua mwenyewe. Kijana: mifereji, taa na hesabu ya tokeni. Msichana: kikapu. Mama watoto: kwenda sokoni kwa kiondo, jioni, wakati bei zimeshuka. Kitinda mimba alikuwa amechora mtu aliyelala, na chini yake ameandika "maharagwe". Hapakuwa na adhabu yoyote. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: "Kila Jumamosi, taa zizimwe, vitendawili."

GUNIA

Kabla hajaondoka, mama alituachia shamba. Usishangae. Tunakaa orofa ya tatu, Umoja, na shamba letu ni gunia moja kwenye roshani.

Chukua mkebe mkubwa ulioondolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze mawe. Uzungushie udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika juu ya mkebe, uvute mkebe, uacha mawe, uujaze tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayopeleka maji hadi chini. Kisha toboa matundu pembeni, upande miche ya sukuma wiki na spinachi, na juu upande vitunguu, dania, au upendacho. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kulinywesha.

Nyanya alipanda na nyanya, na kitinda mimba alikwenda akitangaza kwenye ngazi kwamba "Nyanya amepanda nyanya!" hadi wapangaji wa orofa zote wakaijua habari hiyo.

Si kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Juma la kwanza gunia lilichuruzika matope juu ya shuka nyeupe za jirani wa orofa ya chini. Alipanda ngazi akiwa amezibeba mkononi, na maneno aliyotuambia siyaandiki hapa. Tulizifua shuka zile wenyewe, tukaweka beseni chini ya gunia, na majani ya kwanza ya sukuma tukampelekea yeye. Leo ana magunia mawili, na mara nyingine hutuuzia dania, kwa bei ya jirani lakini hatoi bure.

Maganda ya viazi na mabaki ya mboga siku hizi huingia katika ndoo yenye kifuniko, tukiyafunika kwa udongo na majani makavu, na baada ya miezi michache huwa mbolea ya gunia. Hili si jambo dogo. Nairobi hutoa taka zaidi ya tani 2,000 kila siku, na zaidi ya nusu ya hizo ni vitu vinavyooza. Nyingi huishia Dandora, kwenye jaa lililoanza kutumika katika miaka ya sabini, na watoto wa huko ndio wanaovuta moshi wa maganda yetu. Ndoo yangu haiwezi kulimaliza jaa la Dandora. Lakini pipa letu lililokuwa likijaa mara mbili kwa juma, sasa hujaa mara moja.

SHUKRANI

Nimetafakari sana kwa nini kanuni zangu zilishindwa na kikapu cha mama kikafaulu, ilhali vyote vilitaka jambo lile lile. Jibu nimelipata kwa marehemu Profesa Wangari Maathai. Sote twamkumbuka kwa miti, kwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloanzisha mwaka 1977, na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004. Lakini mwaka 2005 alipozuru Japani alikutana na neno la huko, mottainai, akalipenda hata akawa analieneza ulimwenguni. Ni neno analosema mtu anapoona kitu chema kikipotea bure. Ndani yake hamna ubahili tu, mna heshima na shukrani kwa kile kitu chenyewe. Naye aliishi alivyosema: alipofariki mwaka 2011 mwili wake uliwekwa katika jeneza lililotengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Mama yangu hajui Kijapani. Lakini aliposema maji "yanalia," alikuwa akisema neno hilo hilo. Mimi nilibana matumizi kwa sababu niliogopa. Yeye alibana kwa sababu alipenda: aliyapenda maji, akalipenda joto, akaipenda miguu ya mkaza mwanawe iliyochoka. Kubana kwa hofu hudumu hadi anayeogopwa atoke nje. Kubana kwa kupenda huendelea hata asipokuwapo.

Tena tumekwisha kuona kwamba tunaweza. Tarehe 28 Agosti, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ni nani hakulalamika kwamba hataweza kununua hata nyanya? Baada ya miezi michache viondo na vikapu vikarudi mikononi, na leo watoto wadogo hawajui tulikuwa tukinung'unikia nini. Mama yangu alipoulizwa juu ya sheria hiyo alishangaa. Kiondo chake hakikuwa na habari kwamba kuna lililobadilika.

UKITAKA KUJARIBU

Anza na kitu kimoja, ambacho kitamletea mtu mmoja nyumbani raha anayoweza kuigusa. Usianze na kumi.

Ukianza na kikapu, sufuria iwe na kifuniko kinachobana na ijae angalau zaidi ya nusu, kwani chakula kidogo hupoa haraka. Wali uchemshe dakika tano, kisha uufungie saa moja. Tia maji pungufu kidogo kuliko kawaida kwa kuwa hakuna mvuke unaotoroka. Maharagwe yaloweshe usiku kucha na uyachemshe kwa nguvu nusu saa kabla ya kuyafungia. Usipunguze hapo, kwa sababu maharagwe mekundu yasipochemka barabara huwa na sumu inayovuruga tumbo. Yaache saa nne au tano, usifungue kuchungulia, na kabla ya kula uyachemshe tena. Usiyaache humo kutwa au usiku kucha, yatapoa na kuharibika. Kwetu, kijana akitoka shule alasiri ndiye anayeyachemsha, na wakati wa chakula cha usiku yako tayari.

Anayepika kwa makaa atumie jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lile lenye kiuno chembamba lililoenea nchini tangu miaka ya themanini, kwani hula makaa machache kuliko la bati tupu. Lakini tafadhali, hata kama baridi ya Julai inakata mifupa, usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na imeua familia nzima nzima usingizini.

Na taa: balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, haifikishi yuniti moja na nusu. Kijana wangu ndiye aliyenipigia hesabu hiyo, bila kuambiwa.

Usije ukadhani sasa nyumba yangu ni pepo. Mshahara haujarudi ulikokuwa. Mimi na mama watoto bado tunabishana kuhusu pasi, kwa sababu yeye hupenda kupiga nguo kila asubuhi nami nataka zipigwe zote Jumapili. Lakini mtungi wa gesi ambao haukuwa ukimaliza mwezi, ule uliofuata ugeni wa mama ulitufikisha siku 41. Na tunabishana kwa sauti, mezani, mbele ya wote. Si kwa kunyamaziana.

Mama macho yake yalipona, akarudi Gatanga. Hupiga simu kila Jumapili jioni, na kabla hajauliza habari za mtu yeyote huuliza, "Mfereji haulii?"

Wajina wake alimaliza kidato cha nne mwaka 2024, na mwaka uliofuata akaitwa chuo kikuu. Usiku wa kufunga virago nilimwuliza anachohitaji zaidi, nikijiandaa kusikia mambo ya simu mpya. Akaniambia angependa kikapu, na lile blanketi kuukuu, kwa sababu chumbani atakuwa na mwenzake mmoja na huenda mwenzake huyo hajawahi kuona maharagwe yakilazwa.

Nilimpa. Sisi tulionunua kikapu kingine tumebaki tukitafuta blanketi la kuchakaza.

Bandu bandu huisha gogo, mpenzi msomaji. Jioni ya leo, zima taa kwa nusu saa, uketi na watu wako, utege kitendawili kimoja. Huenda ukasikia jambo ambalo taa ilikuwa ikilificha. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.